Mia kwa Mia

Katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa kuulizwa. Simu ikijaa, naulizwa. Televisheni mpya ikigoma kushika chaneli, naitwa. Nimezoea kujibu kabla muulizaji hajamaliza swali, na kwa muda mrefu majibu yangu yametosha, maana matatizo mengi ya aina hiyo huisha kwa kuzima na kuwasha. Ndiyo maana sikuona sababu ya kumsikiliza mtu siku niliyokwenda kununua memori kadi ya kamera.

Nilinunua kadi isiyoifaa kamera yangu. Sikuijaribu. Nikaenda nayo kwenye shughuli ya watu, na ndoa ikanipita.

Hakuna aliyenisukuma. Naeleza kwa kirefu kwa sababu wewe unayesoma, kama una kamera, simu, redio ya memori au kile kikamera cha kwenye gari, unaweza kulifanya kosa hilihili kesho kwa kufuata fikra ileile niliyoifuata mimi. Na fikra yenyewe si ya kijinga. Ukiitazama haraka inapendeza kabisa.

Kazi yangu ya kila siku ni ya ofisini. Mwisho wa wiki hurekodi shughuli: ndoa, maulidi, kipaimara, mahafali. Nilianza kwa kamera ya kuazima, baadaye nikajinunulia yangu, ndogo, inayorekodi 4K. Jirani yetu mmoja pale Temeke alipokuwa anaoza binti yake, alinifuata mwenyewe tukapatana. Nikamwambia, "Mama, nitakurekodia yote kwa 4K." Hakujua 4K ni nini. Kwake hakukuwa na televisheni ya kuionyesha, wala kwangu haikuwapo. Lakini nilivyoitamka ilisikika vizuri, mama akatikisa kichwa kwa heshima, nami nikapandisha bei kidogo.

Kamera yangu, ikiwekwa kwenye 4K ya ubora wa juu, hutoa megabiti 100 kila sekunde. Hizo ni megabaiti 750 kwa dakika, yaani GB 45 kwa saa. Kadi niliyokuwa nayo ilikuwa ya GB 32, ingejaa kabla ya dakika 45 kutimia. Nikaona ninahitaji kadi kubwa, na tangu hapo kichwani mwangu hakukuwa na kitu kingine ila ukubwa. GB 128 zingenipa karibu saa tatu. Kwa hilo nilikuwa sahihi.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwenye maduka ya simu na vikorokoro vyake. Kijana wa dukani akaniuliza, "Kaka, ya simu au ya kamera?" Nikamwambia ya kamera. Akaweka mbili juu ya kioo cha kabati, zote za GB 128, zote za kampuni moja, moja ikiwa ghali kuliko mwenzake. "Hii ya bei ndiyo ya video," akasema, akaanza kunielewesha kwa nini. Nikamkatisha. Nilikuwa nimeshaziona namba. Kwenye ile ya bei nafuu palikuwa pameandikwa 100 MB/s, kwa maandishi makubwa yaliyopitwa na ujazo tu. Kamera inataka 100, kadi inatoa 100. Mia kwa mia.

"Dogo, kazi hii naijua," nikamwambia.

"Sawa, bosi wangu." Akafunga kadi kwenye kifuko, akapokea hela.

Juu ya kadi ileile palikuwa na alama nyingine ndogondogo ambazo niliziona lakini sikuzisoma: namba 10 ndani ya herufi C, namba 1 ndani ya herufi U, na pembeni A1. Hiyo A1 ilinifurahisha zaidi. Nilidhani ni daraja la kwanza. Tofauti ya bei kati ya kadi hizo mbili ilitosha chakula cha mchana cha watu wawili, na nilirudi nyumbani nikijipongeza kwa kuiokoa.

Nyumbani nikaingiza kadi kwenye kamera, nikaifomati humohumo kwenye kamera kama inavyotakiwa, nikampiga paka picha mbili tatu, zikaingia. Nikarekodi video fupi, nayo ikaingia. Kioo kikaonyesha nafasi iliyobaki ni ya karibu saa tatu. Hilo ndilo nililoliita jaribio. Ile kadi ya zamani nikampa mpwa wangu, dereva wa bodaboda, ajaze nyimbo.

Ndoa ilifungwa nyumbani, baada ya swala ya Alasiri. Sebule ilijaa, wanaume mkekani, wanawake ndani na ukumbini, udi unafuka mpaka macho yanawasha. Nikafunga kamera kwenye stendi pembeni, nikairekebisha mpaka shehe, baba wa bibi harusi na bwana harusi wakaingia wote kwenye picha, nikabonyeza kitufe. Alama nyekundu ikawaka. Nikaiacha pale. Nikachukua simu nikaanza kuzunguka: viatu vilivyorundikana mlangoni, mikono yenye hina, sinia za halua. Nilijiona fundi kwelikweli, mtu mwenye kamera mbili. Nyuma yangu niliisikia hotuba ya ndoa, nikamsikia baba akimwoza binti yake, nikamsikia bwana harusi akijibu kwamba amekubali, kisha vigelegele kutoka ndani. Halafu babu wa bibi harusi, mzee ambaye siku hizo alikuwa hatoki sana, akaomba dua. Ilikuwa dua ndefu, ya taratibu, watu wakiitikia amina. Nakumbuka nilijisemea kwamba hii nitaiweka mwisho wa video.

Niliporudi kwenye stendi alama nyekundu haikuwapo.

Kwanza sikuelewa ninachokitazama. Kioo kilikuwa kinaonyesha sebule kama kawaida, mkeka, kofia, mtu anampa shehe kahawa. Betri ilikuwa zaidi ya nusu. Nafasi kwenye kadi ilikuwa tele. Katikati ya picha palikuwa na maandishi kwamba kurekodi kumesitishwa. Nikayaondoa upesi, mtu asije akayaona. Nikafungua video ya mwisho. Inaanza na shehe anasafisha koo. Inakwisha hata hajafika katikati ya hotuba.

Nikabonyeza tena. Alama ikawaka, ikakaa kidogo, ikazimika mbele ya macho yangu. Nikazima kamera, nikawasha. Nikachomoa kadi, nikaipuliza, nikairudisha. Ikarekodi, ikakata. Watu walikuwa wanapita na sinia za pilau, "Fundi, karibu chakula," nami naitikia asante huku nimeinamia kamera kama mtu anayerekebisha kitu kidogo tu. Sikuwa narekebisha chochote. Nilikwisha kujua kwamba ndoa haimo. Kilichobaki kilikuwa kutafuta wa kumsingizia.

Nikampata. Mama wa bibi harusi alipokuja kuniuliza kama mambo yanakwenda, nilimwambia kamera imepata joto kidogo. Nilisema uongo. Sababu yenyewe sikuijua wakati ule, lakini nilijua kwamba siijui, na bado nikasema kama mtu anayejua. "Pole mwanangu, na joto lenyewe hili," akasema, akaagiza niletewe maji baridi. Nikayanywa.

Usiku ule, kwenye ukumbi wa sherehe, nilishusha ubora hadi HD ya kawaida, kwa kubahatisha tu, na kamera haikukata tena. Sherehe ya ukumbini ipo yote, kuanzia keki hadi wageni wakigombania soda. Niliporudi nyumbani nikatafuta kitabu cha maelekezo ya kamera. Kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, haujafunguliwa.

Humo mna jedwali. Upande mmoja aina za video, upande wa pili aina ya kadi inayotakiwa. Mbele ya 4K ya megabiti 100 pameandikwa kwamba kadi iwe na alama ya U3 au V30. Mstari mmoja. Ningeusoma dukani nikiwa nimesimama.

Nikachukua kalamu ili nielewe. Kasi ya video huhesabiwa kwa megabiti, ambazo huandikwa kwa b ndogo. Kasi ya kadi huhesabiwa kwa megabaiti, ambazo huandikwa kwa B kubwa. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 100 za kamera ni megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. Zile 100 mbili nilizozifananisha dukani hazikuwa za kipimo kimoja. Nilipofika hapo nikapata faraja ya muda mfupi: kama kamera inahitaji 12.5 na kadi inatoa 100, basi kadi inazidi mara nane, na kama imeshindwa ni mbovu, nami sina kosa. Nilitamani sana hesabu iishie hapo.

Haikuishia hapo. Ile 100 iliyochapwa kwa maandishi makubwa ni kasi ya kusoma, yaani ya kutoa mafaili kwenye kadi kwenda kompyuta, tena ni kasi ya juu kabisa iliyopatikana kwenye vipimo vya mtengenezaji. Kamera inaporekodi haisomi, inaandika, na kuandika kwenye kadi karibu siku zote ni kazi ya polepole zaidi. Ahadi ya kasi ya kuandika imo kwenye zile alama ndogo nilizozipuuza. C yenye 10 ina maana kadi haitashuka chini ya megabaiti 10 kwa sekunde inapoandika mfululizo. U yenye 1 inaahidi 10 hizohizo. U yenye 3 inaahidi 30, na V30 vilevile. V60 na V90 ni 60 na 90. Kadi yangu ilikuwa na ahadi mbili, na zote zilisema 10. Kamera ilitaka 12.5. Megabaiti mbili na nusu ndizo zilizonivunjia heshima mtaa mzima.

Na hii ndiyo sababu jaribio langu la paka halikuonyesha kitu. Kamera ina kumbukumbu yake ya ndani inayopokea video kwanza, kisha inaisukumia kwenye kadi. Ni kama ndoo chini ya bomba huku wewe unachota kwa kikombe: ukichota polepole kuliko bomba linavyomwaga, ndoo haifuriki papo hapo, inafurika baadaye. Video fupi humo inatosha. Hotuba ya ndoa haitoshi. Siku iliyofuata nilielekeza kamera kwenye feni ya sebuleni kwangu, 4K, kadi ileile, nikakaa kuitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Ilikwenda vizuri kwa muda, ikakata.

Najua utakachouliza: haikuwa feki? Nami niliuliza hivyohivyo, tena kwa matumaini. Kadi feki zipo nyingi. Chipu inayoendesha kadi hufundishwa kudanganya, ikaiambia kamera kwamba ujazo ni GB 128 ilhali ndani mna 8 au 16. Unarekodi, majina ya mafaili yanaonekana yote, lakini kila kilichozidi ujazo wa kweli kimepotea au kimefuta cha mwanzo. Ipo programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw, na kwa Linux na Mac ipo F3, ambazo hujaza kadi yote kisha husoma kila kilichoandikwa kuona kama kimebaki salama. Niliiendesha H2testw usiku kucha nikiomba kadi iwe ya uongo. Ilikuwa ya kweli. Hakukuwa na kosa hata moja. Kompyuta ilionyesha GB 119 badala ya 128, lakini huo si wizi, ni kwamba kiwandani huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024. Kasi ya kuandika ilisomeka 11 na kitu. Kadi ilikuwa imetimiza ahadi yake na kuzidisha kidogo. Kijana wa Aggrey hakunidanganya. Alitaka kuniambia nikamnyamazisha.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba HD ya kawaida ya kamera yangu ni megabiti 28 kwa sekunde, yaani megabaiti 3.5. Hata kadi dhaifu yenye namba 4 tu ndani ya C ingeibeba. Ningeacha majivuno ya 4K, kadi ya GB 32 niliyompa mpwa ingerekodi ndoa yote na dua, na mama yule asingeona tofauti yoyote kwenye televisheni yake.

Nilirudi kwake kumwambia ukweli. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, nikaketi, nikaeleza: kamera haikupata joto, nilinunua kadi isiyofaa, na nilipoulizwa nilidanganya. Nilianza kumweleza habari za megabaiti, akanyanyua mkono. "Mwanangu, hayo ya kadi mimi siyajui. Ungeniambia palepale, wenye simu wangerekodi dua ya babu yao."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilipogundua tatizo dua ilikuwa imekwisha, lakini mzee alikuwa bado yupo, na wageni hawajatawanyika, na katika shughuli zetu si ajabu kumwomba mzee arudie maneno machache. Uongo wangu wa joto ndio uliofunga mlango huo.

Ndoa yenyewe ilipatikana kwa namna nyingine. Mama mdogo wa bibi harusi alikuwa ameirekodi kwa simu, ameishika wima, na kidole chake kinaonekana pembeni tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti inasikika, kukubali kwa bwana harusi kunasikika, vigelegele vyake mwenyewe vinasikika kuliko vyote. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye video waliyonayo. Kazi ya mtu aliyelipwa ilianza kwenye keki. Dua ya babu haimo popote, kwa sababu mama mdogo alishaondoka kwenda kupakua. Nilirudisha malipo ya siku ile yote. Mdogo wake bibi harusi alipoolewa, walimwita mpiga video mwingine, na mimi nilialikwa kama jirani.

Ningependa kusema kwamba hilo lilitosha kunifunza. Halikutosha. Baadaye kidogo binamu yangu alinunua redio ndogo ya memori, akanipigia kuuliza anunue kadi gani. Nikamwambia anunue ya GB 64, kwa sababu bei imepishana kidogo tu na ya 32. Redio ikakaa kimya. Kwenye boksi palikuwa pameandikwa kwamba mwisho wake ni GB 32, na binamu alikuwa ameyaona maandishi hayo, lakini aliniamini mimi kuliko boksi.

Kadi hizi zinafanana kwa umbo, na hapo ndipo penye mtego. SD za mwanzo, zilizotangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, ziliishia GB 2. Mwaka 2006 zikaja SDHC, kuanzia juu ya GB 2 hadi 32. Mwaka 2009 zikaja SDXC, juu ya GB 32 hadi TB 2. Herufi hizo zimechapwa kwenye kadi, na kwa kawaida kwenye kifaa pia. Kifaa kipya hukubali kadi ya kizazi cha nyuma. Kifaa cha zamani hakikutengenezwa kwa ajili ya kadi ya kizazi cha mbele. SDHC hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32 na SDXC kwa exFAT, ambao redio ya binamu haiufahamu. Wapo watakaokwambia uifomati kwa FAT32 kwenye kompyuta na itakubali. Vifaa vingine hukubali kweli. Usiende na hilo kwenye shughuli ya mtu.

Na A1 si daraja la kwanza. Inahusu uwezo wa kadi kusoma na kuandika vipande vidogovidogo vingi, jambo linalosaidia ukitaka kuendesha programu za simu kutoka kwenye kadi. Kwa video haikusaidii kitu. Kwa maneno mengine, nilinunua kadi nzuri ya simu baada ya kuulizwa waziwazi kama nataka ya simu.

Wala usikimbilie upande wa pili ukanunua ya ghali kuliko zote. Kadi za UHS-II, zile zenye safu mbili za vibati vya dhahabu nyuma, ukiziweka kwenye kamera isiyo na safu ya pili hufanya kazi kwa kasi ya chini, na hela yako imekwenda. Anza na kifaa. Tafuta kwenye kitabu chake ujazo wa mwisho kinaoupokea na alama ya kasi kinayoitaka, piga picha ukurasa huo kwa simu, nenda nao dukani, na muuzaji akianza kukueleza mwache amalize.

Halafu jaribu kwa kazi yenyewe: ubora uleule utakaoutumia, bila kukatisha, mpaka kadi ijae, kisha fungua video uitazame mwisho wake. Ukiwa hujafanya hivyo, kadi ya zamani usimpe mtu.